Kuku Anapotaga Mayai Yenye Ganda Laini: Namna ya Kumpatia Kalsiamu ya Kutosha

Yai lenye ganda laini mara nyingi halikutwi kwenye kiota. Hukutwa alfajiri juu ya maranda, chini ya fito walikolala kuku, likiwa na utando mweupe tu, na ukilishika hubonyea kati ya vidole bila kupasuka. Wafugaji wengi wa majumbani wakiona yai la namna hiyo hukimbilia duka la dawa kununua viuavijasumu. Nawasihi wafuate kwanza hatua hizi, kwa kuwa katika banda la nyuma ya nyumba chanzo cha kawaida kabisa ni chakula.

Hatua ya 1: Mtambue kuku aliyetaga

Tembe, yaani kuku jike mchanga, aliyeanza kutaga karibuni anaweza kutoa yai moja au mawili laini kabla mfumo wake wa uzazi haujatulia, na hilo halihitaji tiba. Kuku mwenye umri mkubwa hutaga mayai makubwa zaidi ilhali chokaa ya ganda haiongezeki kwa kiwango hicho, hivyo ganda huwa jembamba. Lakini kuku aliye katika kilele cha utagaji akirudia mayai laini, endelea na hatua inayofuata. Yai lenyewe liondoe mara moja, kwani kuku wakishalionja hujifunza kula mayai.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya chakula

Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na kwa kuwa mwili wa kuku haufyonzi yote anayokula, kuku anayetaga anahitaji takriban gramu 4 kwa siku. Chakula kamili cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, kwa hiyo kuku anayekula gramu 110 hadi 120 za chakula hicho anatosheka. Tatizo huanza pale bei ya mfuko inapopanda na mfugaji akaamua kuchanganya nusu kwa nusu na pumba za mahindi: kuku anashiba kama kawaida, lakini kalsiamu anayoipata ni nusu tu, kwa sababu mahindi na pumba zake karibu hazina kalsiamu kabisa, na fosforasi iliyomo kwenye pumba iko katika umbo linaloifunga hata ile kidogo iliyopo. Mabaki ya ugali na wali yana upungufu uleule.

Kuku hasimamishi utagaji mara moja anapopungukiwa. Huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe, na akiendelea kuchota bila kurudishiwa, miguu hulegea hata akashindwa kusimama. Kwa hiyo usilihesabu yai laini kuwa ni hasara ya yai moja. Mpe chakula kamili bila kukizimua, na mabaki ya jikoni yawe kitafunio kidogo cha mchana.

Hatua ya 3: Andaa nyongeza

Makombe ya baharini, maganda ya konokono au chokaa ya mifugo yenye chenga hufaa. Maganda ya mayai pia ni mazuri: yaoshe, yakaange kwenye kikaango kikavu mpaka yakauke na kuvunjika kwa urahisi, kisha yatwange yawe chenga zisizofanana tena na yai. Usithubutu kutumia chokaa ya kupakia ukuta, kwani huunguza kinywa na utumbo. Changarawe nazo humsaidia kuku kusaga chakula katika firigisi, lakini hazichukui nafasi ya kalsiamu.

Hatua ya 4: Weka nyongeza jioni, katika chombo chake

Yai hukaa takriban saa 20 katika sehemu inayotengeneza ganda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, wakati kuku hali chakula. Chenga kubwa alizomeza jioni hubaki kwenye firigisi na kuyeyuka polepole hadi asubuhi, ilhali unga laini hupita upesi. Usizichanganye kwenye chakula. Ziache pembeni, kila kuku ale kwa kadiri ya haja yake. Vifaranga na kuku wanaokua wasile chakula cha kuku wa mayai, maana kalsiamu nyingi huharibu figo zao.

Hatua ya 5: Punguza joto, ruhusu jua

Katika miezi ya joto kali ya Pwani, kuku anayehema kwa mdomo wazi hupoteza hewa ya kabonidayoksaidi ambayo mwili huihitaji kutengenezea ganda, na tena hula kidogo. Mpe kivuli, maji baridi na banda linalopitisha hewa. Wakati huohuo anahitaji kutoka nje asubuhi, kwa sababu jua humwezesha kutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu haifyonzwi ipasavyo.

Hatua ya 6: Jua wakati wa kumwita mtaalamu

Ukirekebisha chakula, mabadiliko huanza kuonekana ndani ya siku chache hadi wiki 2. Kuku anayejikamua bila yai kutoka, au aliyeshindwa kusimama, mtenge na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na iwapo kuku wengi wameanza kwa pamoja kutaga mayai laini, yaliyokunjamana au yenye ute wa majimaji, huku wakikoroma, wakiharisha kijani au wakipinda shingo, shuku mdondo au ugonjwa mwingine wa virusi. Usiuze wala kuhamisha kuku, na mwarifu afisa mifugo wa kata bila kuchelewa.