Maji gani uweke kwenye rejeta

Jamani maji ya kisima msiweke kwenye rejeta ya gari, ile inayopoza maji ya injini, hata yakiwa meupe kabisa machoni. Yana chumvichumvi, na yakichemka ile chumvi inaganda ndani. Angalia tu sufuria unayochemshia maji kila siku, ule ukoko mweupe chini ndo huohuo unaziba vijia vyembamba vya rejeta, injini inaanza kupandisha joto na wewe unahangaika kubadilisha themostati (kile kifaa kinachofungulia maji ya kupoza injini ikipata moto) bure. Maji ya bomba nayo mengi yana chumvi na klorini, weka ukikwama njiani tu halafu baadaye uyamwage.

Tafuta maji yaliyotoneshwa, yaani yale ya mvuke uliopozwa, ila usichanganye na asidi ya betri maana zinafanana kwa macho! Halafu maji peke yake hayatoshi, yanaleta kutu, kwahiyo changanya na kulanti, yaani dawa ya maji ya kupozea injini, nusu kwa nusu, aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari usifuate rangi. Kama chupa imeandikwa imeshachanganywa, usiongeze maji tena.

Na mfuniko wa rejeta usifungue injini ikiwa ya moto, subiri ipoe kabisa, yale maji yakikurukia usoni yanababua vibaya sana.