Kuanza piano: skeli ya C bila gumba kukwama

Wiki iliyopita nilikaa jioni mbili na binti mmoja wa kwaya yetu hapa Majengo, Moshi. Amenunua kinanda na anataka kuwapigia wenzake ibadani. Alipokwama ndipo nilipokwama mimi.

1. Chagua kinanda kinachousikia mkono. Kabla ya piano, Ulaya walikuwa na harpsichord, ambayo nyuzi zake hudonolewa. Ukibonyeza kwa upole au kwa nguvu, sauti ni karibu ileile. Karibu mwaka 1700, Bartolomeo Cristofori, fundi wa vinanda wa familia ya Medici huko Florence, Italia, alitengeneza nyundo ndogo zinazogonga nyuzi na kurudi hapohapo ili uzi uendelee kuvuma. Jina lenyewe, "piano e forte", ni Kiitaliano: kwa upole na kwa nguvu. Piano zake tatu zipo hadi leo. Ya zamani kuliko zote, ya mwaka 1720, iko New York.

Basi ukiwa dukani, bonyeza kitufe kimoja taratibu, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, mwombe muuzaji aangalie kama uwezo huo umezimwa. Kama haupo kabisa, kiache, hata kiwe na midundo mia mbili. Vitufe 61 vinatosha kuanzia. Piano kamili ina 88.

2. Kaa. Kiwiko kiwe usawa wa vitufe. Kiti cha plastiki kikiwa kifupi, ongeza mto.

3. Tafuta C. Vitufe vyeusi vimekaa viwiliviwili na vitatuvitatu. Cheupe kinachogusana na jozi ya viwili upande wa kushoto ni C. Anza na ile ya katikati. Vyeupe vinavyofuata kwenda kulia ni D, E, F, G, A, B, kisha C tena.

4. Namba za vidole. Gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, mikono yote miwili.

5. Pitisha gumba chini. Hapa usiwe na haraka. Skeli, yaani noti (sauti) zinazopanda kwa mpangilio, hapa kutoka C hadi C inayofuata, ina noti nane na mkono una vidole vitano, kwa hiyo mkono wa kulia hupanda hivi: 1 2 3, halafu 1 2 3 4 5. Baada ya E, gumba linapita chini ya kiganja na kutua F.

Mimi nilikuwa nasubiri hadi kidole cha 3 kimalize, ndipo nalivuta gumba. Kiwiko kinaruka, F inalia kama imepigwa kofi. Nilifanya hivyo miezi mitatu nikidhani dawa ni kuongeza kasi. Dawa ni kuwahi: kidole cha 2 kikishabonyeza D, gumba liwe limeshaanza safari. Cha 3 kinapolia, gumba liko juu ya F linangoja.

Weka sarafu ya shilingi 200 mgongoni mwa mkono, upige polepole sana. Ikidondoka kati ya E na F, umerusha kifundo. Ila usiifanye desturi, maana ukiilinda sana sarafu mkono unakakamaa, na mkono mkavu hautoi sauti ya upole. Mara tatu nne zinatosha, kisha iondoe. Ukisikia maumivu, acha, upumzike.

Kurudi chini ni kinyume: 5 4 3 2 1, kisha cha 3 kinaruka juu ya gumba na kutua E.

Umeme ukikatika, endelea juu ya meza. Binti yule aliligundua kosa lake hapo, gizani: vidole vingine viligusa ubao kimyakimya, gumba likagonga ko!

6. Mkono wa kushoto. Kupanda: 5 4 3 2 1, 3 2 1. Usiunganishe mikono hadi kila mmoja uende peke yake bila kusita.

7. Kitufe cha kuhamisha ufunguo (transpose), kinachopandisha au kushusha sauti za kinanda chote, usikiguse. Najua wapigaji wengi makanisani hubaki kwenye C na kuiachia mashine ihamishe. Mimi nakataa. Skeli ya C ikitulia, nenda skeli ya G, inayoanzia kitufe cha G: vidole ni vilevile, ila F inakuwa kitufe cheusi kilicho kulia kwake.