Kumtafuta babu wa babu kwenye nyaraka za kodi na ardhi, Mwanza: anza na mwanangwa, jina baadaye

Ukienda Nyaraka za Taifa na jina tupu, tuseme "Masanja bin Shija", utarudi na jina tupu. Akina Masanja ni wengi kuliko dagaa wa Igombe, na mkoloni hakupanga mafaili yake kwa koo. Aliyapanga kwa wilaya na mada, na ndani yake watu hutajwa kwa utemi (eneo la mtemi, yaani chifu) na gunguli (kijiji kilicho chini ya mwanangwa, msaidizi wa mtemi). Kwa hiyo kabla ya barua na nauli, kaa na mzee wa ukoo umuulize matatu: mtemi alikuwa nani, mwanangwa wa gunguli lao alikuwa nani, na kaya ilihama wakati wa tukio gani. Mzee anayesema "tulitoka Nera wakati wa nzige" amekusaidia kuliko aliyekariri mababu saba.

Halafu pekua sanduku la nyumbani. Wazee walitunza risiti za kodi kwa sababu kukutwa bila risiti ilikuwa kesi. Fedha iliyoandikwa inakupa umri wa karatasi. Kodi ya kibanda ya Mjerumani ilianza 1898, rupia 3 kwa kibanda cha kijijini. Ukiona heller, sarafu ndogo ya Mjerumani, karatasi hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya 1904. Ukiona shilingi, uko kwa Mwingereza, miaka ya 1920 na kuendelea. Risiti mbili za mwaka mmoja zenye jina lilelile si lazima ziwe za watu wawili; mwenye wake wengi alilipia zaidi ya kibanda kimoja.

Sasa wilaya, hatua inayokula siku za watu. Usiandike wilaya ya leo. Sengerema ni wilaya ya baada ya uhuru. Kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa ndani ya Geita, na Geita yenyewe, kabla ya kupewa wilaya, ilihesabiwa chini ya Mwanza. Ukijaza fomu "Sengerema, 1936", mhudumu atakujibu kwa ukweli kabisa kwamba hakuna kitu, nawe utapanda kivuko cha Kamanga ukimlaumu bure. Andika "Wilaya ya Mwanza, utemi wa Buchosa" na mambo yatabadilika. Kumbuka pia kwamba kuanzia 1932 Mwanza ilikuwa makao ya Jimbo la Ziwa lililobeba hadi Bukoba na Musoma, hivyo barua ya jimbo inayotaja "Mwanza" huenda haihusu Mwanza unayoijua.

Kibali kinaombwa kwa barua kwa Mkurugenzi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Hifadhi kuu ya nyaraka iko Upanga, Dar es Salaam, na Mwanza kuna kituo cha Kanda ya Ziwa. Ambatanisha barua ya utambulisho ya mtendaji na nakala ya NIDA. Usiandike "namtafuta babu yangu". Hakuna faili lenye kichwa hicho. Taja utemi, miaka, na mada tatu: kodi, watemi na wanangwa, mashauri ya ardhi. Piga simu kwanza uulize kipi kiko Mwanza na kipi kiko Dar. Mafaili ya Mjerumani na vitabu vya wilaya, vile vyenye nasaba za watemi, ni vya Dar. Beba penseli, kalamu ya wino haiingii.

Ukishaketi, usitarajie orodha ya walipa kodi. Mafaili ya kodi mengi ni hesabu tupu: vibanda kadhaa, fedha kadhaa. Majina hujitokeza kwa waliosamehewa kwa uzee au maradhi, wasiolipa wakapelekwa kazini, waliomshitaki mwanangwa kwa kula kodi, na wanangwa walioondolewa. Babu mlipa kodi mwema hana historia. Mkorofi ndiye aliyeandikwa.

Tahajia nayo ina vituko vyake. Karani asiyejua Kisukuma alimwandika Ng'wandu "Mwandu" au "Gwandu", na Luhende akawa "Ruhende". Mjerumani aliita Mwanza "Muansa" na Usukuma "Ussukuma", basi Shija mtafute pia kwenye "Schidja". Orodhesha sura zote za jina kwenye karatasi moja kabla hujafungua faili. Na ukihitaji mtafsiri wa Kijerumani, mpe kwanza ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono wa zamani. Wengi wanaojua lugha hawausomi mwandiko ule, na malipo utakuwa umeshatoa.

Ardhi ndipo pesa hupotea. Upekuzi kwa msajili wa hati hufanywa kwa namba ya hati, au kiwanja na kitalu. Kwa jina la marehemu peke yake hupati kitu, hata ukishalipia control namba. Tena unafaa hasa kwa viwanja vya mjini. Kijijini, chini ya sheria ya ardhi ya 1923, watu walikaa kwa mila bila hati, kwa hiyo anayekuuzia "hati ya kikoloni" ya shamba la babu kule Misungwi ni tapeli. Ardhi ya kijijini itafute kwenye mashauri ya mabaraza: ugomvi wa mpaka, itongo (makazi na shamba la kaya) lililoachwa, urithi. Soma hadi mashahidi, maana shahidi huandikwa na jina la baba yake na anakokaa. Babu wengi wamepatikana hapo, wakitoa ushahidi wa ng'ombe wa jirani.

Kama ukoo ulibatizwa mapema, pitia vitabu vya ubatizo. Misheni ya Bukumbi ipo tangu 1883.

Omba ruhusa ya kupiga picha, na kabla ya kila picha andika namba ya fungu, ya faili na ya ukurasa. Simu yenye picha mia mbili za karatasi za kahawia zisizo na namba maana yake ni kuomba faili upya, na foleni ni ileile.