Kabla hujashika chuma kizito, panga haya kwanza

Jambo la kwanza, amua ukiwa bado nyumbani leo unapiga seti ngapi nzito (seti ni mara kadhaa za kuinua mfululizo kabla ya kupumzika), na uandike. Usingoje ufike jimu ndo uanze kufikiria, manake pale muziki uko juu, vijana wanakuangalia, na mtu alokuja kupiga skwati, ile ya kuchuchumaa na chuma mabegani, seti 3 anajikuta kashapiga 8, halafu kesho kupanda matatu anajivuta kwa mikono.

Za kupasha mwili usizihesabu. Tuseme kazi ya leo ni kilo 100 mara 5, anza na chuma kitupu cha kilo 20, kisha 50 mara 5, 70 mara 3, 90 mara moja, hapo ndo uanze kuhesabu. Na hesabu yenyewe iwe ya wiki nzima, sio ya siku, kwa sababu skwati ya Jumatatu na dedilifti ya Jumatano, ile ya kuinua chuma kutoka chini, zote zinaukalia mgongo uleule wa chini. Kwa anoanza, seti 3 za mara 5 kwa kila zoezi kubwa, mara mbili kwa wiki, zatosha kabisa. Dedilifti hata seti moja au mbili, hiyo inachosha kuliko zote.

Alafu hesabu na kazi yako jamani. Ukishinda soko la Kongowea unapakua magunia ya viazi, ama uko mjengo kutwa, hayo pia ni mazoezi mazito, mwili haujui kama unalipwa au la, kwa hivo usifuate ratiba ya mtu anokaa ofisini kwenye kiyoyozi.

Panga pia pa kusimama. Mimi naona ubakishe nguvu ya mara 2 hivi kila seti, chuma kikianza kwenda polepole weka chini. Kama zile za kupasha zenyewe leo zinakulemea, ondoa asilimia 5 hadi 10 ya uzito au kata seti moja, hakuna mtu atakufunga. Kati ya seti nzito moja na nyingine pumzika dakika 3 hadi 5, wakikuita mvivu waache.

Joto sasa. Kaskazi ikivuma, Januari mpaka Machi, unyevu ni mwingi, jasho halikauki, linatiririka tu na mwili haupoi, ndo maana uzito wa Julai unaweza kukushinda Februari. Enda alfajiri au usiku, beba maji, na usiogope chumvi kwenye chakula siku hiyo kama huna presha. Ramadhani watu wengi huacha kabisa, na si lazima, nguvu hubaki kwa seti chache sana mradi uzito usishuke sana, kwa hivo baada ya futari kutulia tumboni piga theluthi ya seti zako ukalale.

Kila wiki ya 5 au 6 kata nusu ya seti zako. Ukiona usingizi umeharibika, mkono haushiki chuma vizuri na jimu yenyewe huitaki, usingoje hiyo wiki ifike. Kuchoka ni kawaida, lakini maumivu makali ya ghafla au ganzi inoshuka mguuni, hapo ni daktari, sio liniment ya kuchua.

Mwisho, usisahau klipu za kubana vyuma visichomoke, na mtu wa kukushikia kwenye benchi, pale unapolala chali ukisukuma chuma. Hakuna mtu, usifanye benchi nzito leo.