Ukiomba na Usijibiwe: Namna ya Kuendelea Kumtumaini Mungu

Chukua daftari la kawaida la shule, uandike ombi lako kwa sentensi moja pamoja na tarehe. "Mungu nibariki" haitoshi. Ombi kama hilo hata likijibiwa hutajua. Andika, "Naomba kazi kabla ya kodi ya Januari." Chini yake andika hitaji lenyewe: kodi, karo, unga. Wengi huchanganya haya mawili. Kazi inapochelewa wanaona wamesahauliwa, kumbe kodi ya Desemba ililipwa na kibarua cha wiki mbili katika soko la Gikomba, Nairobi. Hicho kibarua nacho kiandike.

Kisha mlalamikie Mungu. Hapa ndipo waumini wengi hukwama, maana wameambiwa kulalamika ni kukosa imani. Fungua Zaburi ya 13, yenye aya 6 tu. Katika aya mbili za kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara 4. Aya ya 3 na ya 4 anaomba. Ya 5 na ya 6 anasema amezitumainia fadhili za Mungu, na hakuna palipoandikwa kwamba adui ameshaondoka. Fuata mpangilio huohuo kwa maneno yako: "Bwana, hata lini nitatoka Kawangware kwa miguu hadi mjini na kurudi mikono mitupu? Niangalie, unijibu wiki hii. Mwaka jana mtoto alilazwa, ukamponya." Jambo moja ulilotendewa linatosha, mradi ni la kweli. Sehemu hiyo ya mwisho ikikataa kutoka, iache. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado ni sala.

Dakika 10 kila asubuhi, kabla hujashika simu, zinatosha. Nyumba ya chumba kimoja ikikosa utulivu, ingia kanisa lililo wazi mchana, kama Basilika ya Holy Family katikati ya jiji, ukae benchi la nyuma.

Usikubali kuambiwa imani yako ni haba. Paulo aliomba mara 3 mwiba uliomtesa mwilini uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee, akakinywa.

Mtu akikwambia utume pesa kwa M-Pesa ili ombi lako lifunguke, usitume hata shilingi. Petro alimkemea vikali Simoni aliyetaka kununua karama ya Mungu kwa fedha. Wala usiache ARV, insulini au dawa za presha kwa sababu umetangaziwa uponyaji; ugonjwa hurudi kwa nguvu, na wapo wanaokufa hivyo. Daktari ndiye wa kukuondoa kwenye dawa, baada ya kupima.

Tafuta watu wawili wa jumuiya yako uwaambie waziwazi, "Nikishindwa kuomba, niombeeni." Ukianza kutamani kufa, mwambie mmoja wao akupeleke hospitali siku hiyohiyo.

Jumapili ya mwisho ya mwezi, pitia daftari. Weka alama: limejibiwa, limejibiwa kwa njia nyingine, linangoja. Lakini kama uliyekuwa ukimwombea amefariki, usiandike "kwa njia nyingine" upesi, hata ukishauriwa hivyo. Liache bila alama, na umwombe mchungaji aje nyumbani wiki chache baada ya mazishi, wageni wa matanga wakishaondoka.