Umepata kazi kwenye meli ya jodari? Soma hii kabla hujapanda

Wanangu, kila siku kuna kijana ananiuliza mambo ya meli za longlaini, zile za kuvua jodari kwa mshipi mrefu wenye ndoana nyingi, zinazotia nanga hapa Mombasa, bas leo naeleza mara moja alafu mtumiane.

Mkataba kwanza. Uwe wa maandishi, na nakala ubaki nayo wewe, sio ajenti. Mimi safari yangu ya kwanza nilipanda kwa maneno matupu, nikarudi nakuta nimekatwa "gharama" ambazo mpaka leo sijui ni za nini. Kenya iliridhia mkataba wa ILO, shirika la kazi la Umoja wa Mataifa, namba 188 wa kazi za uvuvi, mwaka 2022 na humo imeandikwa wazi kwamba mvuvi hatozwi hela kupewa kazi, hata senti, kwa hivo ajenti akikuambia lete elfu ishirini ya kukuandikisha muage tu. Pasipoti, ipige picha, hiyo picha umwachie mamako.

Pili beba daftari na peni. Usicheke. Mle kwenye 188 unatakiwa upumzike si chini ya saa 10 kwa kila saa 24, na 77 kwa wiki, lakini kupandisha mshipi wenye ndoana elfu mbili tatu ni kazi ya saa kumi na kuendelea, na ukimaliza mnategesha tena. Andika kila siku: nimeanza saa ngapi, nimelala saa ngapi. Tarehe usisahau.

Na hapa ndipo watu hawaelewi, wanadhani mambo ya kasa ni ya wazungu na mambo ya usingizi ni ya kwetu. Ni kitu kimoja! Mtu ambaye hajalala siku mbili kasa akija na ndoana atavuta kamba kwa nguvu, mdomo unachanika, akate, atupe, bas. Ukiwa na nguvu unafanya hivi: mwambie nahodha apunguze mwendo, mlete kasa polepole ubavuni, mnyanyue kwa wavu wa mkono, kamwe usimvute kwa kamba. Ndoana ukiiona itoe, ikiwa imemezwa kata kamba karibu nayo kabisa uiache. Akiwa hoi usimrudishe majini, atazama huyo. Mweke kivulini, nyuma kuinuke kidogo maji yatoke kwenye mapafu, mfunike kitambaa kibichi, saa zingine anazinduka baada ya masaa kadhaa. Alafu mshushe taratibu, injini ikiwa haivuti.

Ndoana za duara na chambo cha samaki badala ya ngisi zinapunguza kasa wanaonaswa, hilo anaamua mwenye meli, ila bosun (msimamizi wa mabaharia) mzuri ukimwambia anasikia. Waya wa kufungia ndoana pia, badala yake ikiwekwa nailoni papa anaikata mwenyewe anaenda zake. Wale papa wa mkia mrefu ni marufuku kuwekwa melini, tume ya jodari ya Bahari ya Hindi imekataza, kwa hivo ukilazimishwa kuwaficha andika kwenye daftari.

Mkirudi bandarini hela hazijakamilika, usitie sahihi kwamba umelipwa yote. Nenda na daftari kwa watu wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, wako hapahapa Mombasa, nenda kabla meli haijang'oa nanga.