Kuendesha Suzuki Hayabusa

Pikipiki ya Hayabusa ya toleo la 2021 ina injini ya cc 1340 na uzito wa kilo 264, hivyo anzia kwenye matairi. Pima upepo yakiwa bado baridi: PSI 42 mbele na nyuma. Ukipungua, usukani unakuwa mzito kwenye kona na tairi linachemka.

Mgeni aweke modi C, mpangilio wa injini ulio laini zaidi. Nguvu huja kwa upole. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona. Breki ya mbele ibane taratibu, uzito uhamie mbele, ndipo ukaze; ukiikamata ghafla tairi linaweza kuteleza. Bana tangi kwa magoti, mikono ilegee.

Utamu wake hasa si spidi. Weka gia ya sita, fungua mafuta kidogo: inavuta tu, bila kushusha gia.